Mama Chapa na Taifa la Tatu

Tuzo ya fasihi niliyowahi kushinda maishani mwangu ni moja tu, nayo ilikuwa betri ya gari. Sikuwa na gari. Aliyenikabidhi alijua kuwa sina, na waliopiga makofi walijua pia, kwa sababu wote walikuwa wameniona nikija kwa miguu. Lakini ilikuwa miaka ya vikwazo, nchi jirani zilipotufungia mipaka kwa sababu ya vita. Umeme wa Bujumbura ulikuwa unakuja kama mgeni asiyewapenda wenyeji wake, na mtu mwenye betri alikuwa na taa, alikuwa na redio, na ghafla alikuwa na majirani wengi. Niliibeba begani kutoka Buyenzi hadi kwangu Gasenyi, asidi ikanitoboa shati, na siku hiyo nikajiona mwandishi.

Aliyenipa ni mwanamke tuliyemwita Mama Chapa. Jina lake analo na wanawe wanalijua; mimi nitamwita alivyoitwa na mtaa mzima. Alikuwa na chumba cha kuchapishia kilichobanwa kati ya gereji mbili, na humo alichapisha kila kitu ambacho Buyenzi ilihitaji kukiona kwenye karatasi: kadi za harusi, risiti za mafundi, dua za arobaini, matangazo ya mbuzi waliopotea. Pembeni ya hayo, katika mji uliokuwa unauana, alichapisha vitabu vya ajabu. Majini, majoka, miji iliyo chini ya ziwa, wafalme wanaozaliwa wazee na kufa wakiwa watoto. Vitabu hivyo alivipa chapa yake ya peke yake, picha ya kiboko aliyevaa miwani, ili mtu asije akachanganya kitabu cha majini na karatasi ya dua. Watu waliviita vitabu vya Kiboko, wakavisoma mpaka vikaachana kurasa.

Kitabu kizuri kuliko vyote vilivyofika mezani pake hakutaka kukichapa. Alikikataa mwaka baada ya mwaka, na kukikataa kulimzeesha kuliko vita. Kwa ajili ya kitabu hicho ndiyo naandika haya, lakini kwanza inabidi mumjue mwenyewe.

Hakupenda hadithi za ajabu. Hili niliwahi kudhani ni mzaha, hadi nilipokaa naye vya kutosha. Kwa raha yake mwenyewe alisoma vijitabu vya maelekezo ya kutengeneza injini, vilivyoachwa na wateja wa gereji, na akisoma ukurasa wa kabureta alitikisa kichwa kwa utulivu kama mtu anayesikiliza kaswida. Nilipomuuliza kwa nini basi anachapa majini, alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu wanakula.

"We Profesa, mutu akitoka kuzika asubuhi, saa nane atasoma nini? Habari? Habari ndiyo ametoka kuizika."

Profesa ni mimi. Nilikuwa nimesoma fasihi ya Kifaransa chuo kikuu, na mara ya kwanza nilikwenda kwake ili anipigie chapa tasnifu yangu. Alisoma kurasa mbili, akanirudishia, akasema majini yake hayamtishi mtu namna ile. Tangu hapo akaniita Profesa, cheo ambacho chuo kikuu hakijanipa mpaka leo.

Kwa mdomo alisema Kiswahili chetu cha Bujumbura, kile cha "apana" na "mutoto" na "bon, tuone". Lakini kwenye karatasi alikuwa mkali kuliko kadhi. Ukimletea mswada ulioandikwa kama anavyozungumza yeye mwenyewe, aliusahihisha wote kwa kalamu nyekundu, neno kwa neno, huku akinung'unika kwa lugha ileile aliyokuwa anaifuta. "Mi siwezi kuchapa 'mutu'. Mutu akisoma 'mutu' atasema huyu mwanamuke hakusoma." Nilimwonyesha mgongano huo. Akasema nyumbani anavaa kanga, sokoni anavaa baibui, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye ni nani hasa.

Mashine yake ilikuwa roneo ya kuzungusha kwa mkono, ya zamani, yenye tabia. Karatasi za nta za kuchongea maandishi alizipata kwa shida, wino kwa shida zaidi, na miaka ile mipaka ilipofungwa karatasi zenyewe zikaadimika kuliko nyama. Akanunua mahali mabaki ya karatasi za kubandika kwenye chupa za bia, zilizokosewa rangi kiwandani. Kwa hiyo kwa muda mrefu vitabu vya Kiboko vilikuwa na jini upande mmoja na bia upande wa pili. Yeye, mwanamke wa sala tano, hakuona tatizo. Shehe wa msikiti wa jirani alilalamika, kisha akanunua nakala, akazigandisha kurasa mbilimbili kwa gundi ili bia isionekane, akasoma mpaka mwisho. Alirudi kuuliza kama ipo sehemu ya pili.

Majalada yalichorwa na mchoraji wa vibao vya gereji. Alikuwa fundi mzuri sana wa kuchora magari, na hakujua kuchora kitu kingine. Majoka yetu yote yalikuwa na taa za mbele. Farasi wenye mabawa walikuwa na kitu kama bampa. Nilipendekeza tumtafute mchoraji mwingine, mtu mwenye mafunzo. Mama Chapa akasema wasomaji wameshazoea, na kwamba tukileta joka lisilo na taa watadhani limeharibika.

Sasa nije kwenye kanuni zake, kwa sababu humo ndimo ugomvi wote ulimotoka.

Kanuni ya kwanza ilihusu majitu. Jitu la Kiboko halikuruhusiwa kuwa refu.

"Jitu lako linafika wapi?" alimuuliza kijana mmoja nikiwa nimekaa pale.

"Mawinguni, Mama."

"Likate. Lifanye pana."

"Jitu pana, Mama?"

"Pana. Lizibe barabara. Mutu akiona refu ataanza kufikiri."

Kanuni ya pili ilihusu pua. Hakuna kiumbe wa Kiboko, awe jini, malaika au mzimu, aliyeelezwa pua yake. Kwa msomaji asiye wa kwetu niseme wazi: vijana waliokuwa wanasimamisha watu njiani miaka ile walitazama urefu na pua, wakaamua papo hapo huyu ni Mhutu au Mtutsi, apite au asipite. Mama Chapa hakutaka vitu hivyo viwili viingie nyumbani kwake hata kwa mgongo wa jini. Nadhani kwa kanuni hizo ndiye mchapishaji pekee wa hadithi za ajabu aliyejaza nchi nzima majitu mafupi yasiyo na pua.

Kanuni ya tatu ndiyo kubwa. Katika kitabu cha Kiboko mataifa hayakuruhusiwa kuwa mawili. Yawe matatu, manne, kumi, shauri lako. Mawili, hapana.

Kanuni hii ililipiwa. Mwanzoni kabisa mwa vita alichapa hadithi ya nyuki na mchwa waliogombea kichuguu. Hadithi ya watoto, tena si nzuri sana. Muuzaji wa vitabu vyake alikuwa mwanamume mpole aliyetandika turubai karibu na soko. Siku moja ya zile siku za "ville morte", vijana walipofunga mji kwa mawe na matairi, kundi lilimkuta njiani na mzigo wake. Wakafungua kitabu. Wakamuuliza swali moja: nyuki ni akina nani? Akawajibu nyuki ni nyuki. Hawakuridhika. Alirudi Buyenzi akiwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama kitu alichokiokota, na mfupa haukuunga sawa tena. Alimwambia Mama Chapa, "Mama, ningejua nyuki ni akina nani ningebaambia." Mama Chapa alifunga chumba kwa muda. Alipofungua, akaanza kuhesabu mataifa.

Hivyo ndivyo nilivyoshinda mimi. Niliandika kitabu chenye mataifa tisa, kila moja na mfalme wake, bendera yake na ugonjwa wake, na nilipofika katikati mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau nani anapigana na nani. Mama Chapa akasema ni kitabu salama kabisa.

Tuzo hiyo ilikuwa yake na ya mwenye duka la spea la mtaa wa pili, mzee wa ukoo wa Kiomani uliokaa Buyenzi tangu zamani, ambaye alitoa betri moja mpya kila mwaka. Ilitolewa baada ya Idi, Jumamosi mchana, ili watu wawahi nyumbani kabla ya saa za amri ya kutotoka nje. Tulikaa uani, miswada ikasomwa kwa sauti, pilau ikaliwa. Mzee wa spea alikuwa mmoja wa waamuzi, na namna yake ya kuamua ilikuwa kulala. Kitabu kibaya kilimlaza hadi mwisho; kitabu kizuri kilimwamsha bila kuguswa. Halafu alisimama na betri yake, akasema hotuba ileile: "Waandishi wetu, Mungu awape nguvu, na mukumbuke bujii mpya za injini, zile plagi, zimefika."

Mshindi naye alikuwa mwamuzi wa kudumu kuanzia siku hiyo, na hakuruhusiwa kushindana tena. Nilifurahia heshima hiyo kwa miaka miwili kabla ya kuelewa kwamba ilikuwa njia yake ya kunizuia nisimletee kitabu kingine.

Kwa sababu hiyo nilikuwepo mwuza vitenge alipokuja.

Alikuwa Mkongomani wa upande wa Uvira, mama wa makamo, mtu wa kanisa, aliyevuka mpaka pale Gatumba na mizigo ya vitenge kichwani mara nyingi kuliko maaskari wa zamu. Aliingia akatua furushi, tukadhani anauza.

"Ni we Mama wa vitabu vya Kiboko?"

"Ni mi. Unataka kadi?"

"Apana, Yaya," alisema, kwa maana ya dada mkubwa. "Nimeandika."

Akafungua kitenge kimoja, ndani mna madaftari ya shule. Mama Chapa alikuwa na maharage jikoni. Akachukua la kwanza akiwa amesimama, kwa uso ule aliokuwa nao kwa miswada yote, uso wa mtu anayenusa maziwa. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Moshi ukaanza kutoka jikoni, mimi nikaenda kuepua, na niliporudi bado alikuwa amesimama. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona akiunguza chakula, na baada ya hapo hakuunguza tena.

Hadithi yenyewe nitaieleza kwa ufupi, ingawa kuifupisha ni kuikosea. Kuna nchi yenye kisima kimoja na mataifa mawili. Alfajiri moja, taifa moja linaamka halina vivuli. Wale wengine wamevibandua usiku, wakavishona juu ya vyao. Tangu hapo wasio na vivuli jua linawapita kama hawapo, na watoto wao hawajui kuwa wamesimama. Wenye vivuli viwili nao hawastarehe: vivuli vinakuwa vizito, wanavikokota, wanachoka kabla ya adhuhuri, na hawawezi kumwambia mtu wanachoka kwa nini. Ni hayo tu. Hakuna vita ndani yake hata ukurasa mmoja. Siku tulipoisoma uani mzee wa spea aliamka katika sentensi ya pili, na hakulala tena mpaka mwisho.

"Ni nzuri," alisema Mama Chapa, neno ambalo sikuwahi kulisikia kwake. "Sasa ongeza taifa la tatu."

"La tatu gani, Yaya?"

"Lolote. Weka hata watu wa mikia."

Mwuza vitenge alifikiri kweli, sikuona dharau usoni mwake. "Yaya, mi niliona wawili. Bale ba mikia sikubaona."

"Watakuuliza nani ni nani."

"Banikute niko nauzisha vitenge, nitabajibu."

"Hawatakukuta wewe!" Mama Chapa alipiga meza. "We utakuwa Uvira. Watamukuta muuzaji wangu. Ana mukono mumoja uliobaki, unataka na huo?"

Yule mama akafunga madaftari yake, akayarudisha kwenye kitenge, akasema atarudi mwakani. Akauza vitenge viwili kwa mafundi kabla ya kutoka mtaani.

Mwaka ule tuzo haikutolewa. Mama Chapa alisema hawezi kuchapa kilicho cha kwanza, na hawezi kumdanganya wa pili kwamba ndiye wa kwanza. Mwaka uliofuata mwuza vitenge akarudi na madaftari yaleyale, hajabadili neno, na mchezo ukawa uleule. Na mwaka mwingine. Mama Chapa aliyasoma kila mara tangu mwanzo, kana kwamba taifa la tatu linaweza kuwa limejipenyeza lenyewe. Washindani wengine walikata tamaa. Mzee wa spea alikuwa wa mwisho kulalamika.

"Mama Chapa, betri ikikaa bila kazi inakufa. Mupe mutu."

"Nani?"

"Yeyote. Mupe shehe."

Betri ikafa. Akaleta nyingine, nayo ikafa. Vitabu vya Kiboko viliendelea kutoka, majitu mapana, majoka yenye taa, na kila kilichotoka alikikunja kwa mikono iliyochoka na kukiweka chini bila kukitazama tena. Nadhani tangu alipoijua ile hadithi ya vivuli, vingine vyote viligeuka risiti.

Siku moja nilimkuta anaandika. Hili lilinishtua kuliko kumkuta anaimba. Akaficha karatasi, halafu akaona aibu ya kuficha, akanisomea. Alikuwa anajaribu mwenyewe kuliandika lile taifa la tatu. Aliwaita watu wa moshi. Walikuja kutoka mlimani, wakakaa kisimani kati ya wale wawili.

"Wanafanya nini hapo?" nikauliza.

"Wanapatanisha."

Akasoma kidogo tena. Nikajitahidi, nikashindwa. "Mama, wanachosha."

"Najua, mwanangu. Wakifungua mudomo tu, wanasema kama redio."

Tulicheka, kwa sababu redio za miaka ile zilijaa sauti za namna hiyo, sauti za watu wema wanaolipwa kusema tupendane. Kisha akazichana karatasi polepole, vipande vidogo vya kuwashia jiko. Nilimwuliza kama angeweza kuwatia watu wa moshi kitabuni bila kumwambia mwenyewe, maana wahariri wa mbali, niliwahi kusoma, wanafanya hivyo na mambo hayaharibiki. Akanikata jicho.

"Ni nyumba yake ile. Mi nitaingiza wapangaji bila hodi?"

Watu walimwona mwoga. Wengine walimwona jasiri, mwanamke anayechapa vitabu risasi zikisikika milimani. Mimi nilimwona mchovu, na nilidhani uchovu hauna upande. Hakuwa na hofu kwa ajili yake mwenyewe. Nilimwona akibishana na mtu mwenye bunduki kuhusu malipo ya kadi za harusi, na mwenye bunduki ndiye aliyeondoka ameinamisha kichwa. Lakini kila mara muuzaji wake alipotandika turubai kule sokoni, kwa mkono wa kushoto, akiusaidia kwa kifua, yeye hakula mpaka arudi. Nikiwa pale saa hizo nilijifunza kutomsemesha.

Mara ya mwisho niliyomwona kwenye kazi yake ulikuwa mwaka wa kura, watu walipopanga foleni tangu alfajiri na wino ukakaa vidoleni kama upele. Nilikuwa sijafika Buyenzi kitambo. Mzee wa spea ndiye aliyeniletea salamu: Mama Chapa anataka mtu wa kuzungusha mashine.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, miguu imevimba, macho yameingia ukungu. Mwuza vitenge alikuwa mkekani, amezeeka naye, anakunja karatasi. Yule muuzaji wa vitabu alisimama mlangoni. Karatasi ya nta ilikuwa imekwisha kupigwa, imeshavalishwa kwenye roneo. Niliinama nikasoma kinyumenyume, na nikaijua sentensi ya kwanza. Nikatafuta taifa la tatu. Halikuwepo.

"Mama, na kanuni?"

"Kanuni ni ya Kiboko," alisema. "Kiboko ni wa mambo ambayo hayajatokea. Hii nimeisoma mara ngapi? Nilikuwa nimeiweka rafu ya majini, kosa langu. Hii imetokea. Tutaichapa kama tunavyochapa dua ya arobaini." Na kweli, pale juu ambapo Kiboko angekaa na miwani yake, palikuwa patupu.

"Na yeye?" nikaonyesha mlangoni, kwa mtu mwenye mkono uliopinda.

Muuzaji akajibu mwenyewe. "Mukono ni wangu, Profesa. Mama aliniuliza, nikasema nipe. Nimechoka kuuza majini."

"Na mi betri yangu?" mwuza vitenge akadakia kutoka mkekani.

"Betri ni ya vitabu vya Kiboko. Hii haina Kiboko."

"Aa, Yaya! Miaka yote ile!"

"Ungeweka watu wa mikia, ungekuwa unasikiliza redio."

Wakacheka, wale wanawake wawili, kicheko kikavu cha watu waliogombana mpaka ugomvi ukawa undugu. Nikaanza kuzungusha. Mashine ilikohoa, ikakubali. Karatasi zilikuwa nyeupe pande zote mbili. Bia ilikuwa imekwisha.

Wa kwanza kuingia alikuwa baba mmoja aliyefuata kadi za harusi ya binti yake. Nilimfahamu kwa sura na nilijua mtaa anaotoka, mtaa ambao katikati ya vita mtu kama mimi asingeukanyaga. Kadi zilikuwa hazijakatwa. Akaokota kurasa za juu ili apoteze muda, akaanza kusoma. Mama Chapa alisikia karatasi ikigeuzwa. Mkono wake ukashika ukingo wa kiti. Muuzaji mlangoni alibadili mguu. Hata mimi niliacha kuzungusha, nikalisikia lile swali la nyuki likija.

Yule baba hakuuliza. Alisoma akasimama palepale, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuta picha ya marehemu wake kwenye nyumba ya wageni:

"Hawa wasio na vivuli. Ni sisi hawa. Nani amewaambia habari yetu?"

Akalipia kurasa zile kabla hazijashonwa, akaondoka bila kadi zake.

Alasiri akaja mama wa mtaa wa upande mwingine, mtaa uliomfukuza yule baba, au uliofukuzwa naye, inategemea unaanza kuhesabu mwaka gani. Alifuata karatasi za dua za mumewe. Naye akasoma akiwa amesimama. Naye machozi yakamlenga. Akauliza ni nani wa kwao aliyeandika, maana haya ya kuamka huna kivuli mtu wa upande ule hawezi kuyajua.

"Ni mi niliandika," alisema mwuza vitenge. "Mi ni wa Uvira."

Yule mama akamshika mikono yote miwili, akamwambia Mungu ambariki kwa kuwaona wao, akatoka na kurasa zake kifuani.

Nikarudi kwenye mashine. Mama Chapa alikuwa amegeuza uso kuelekea mlangoni, ingawa sidhani kama aliuona mlango.

"Miaka yote hiyo nimeogopa watauliza nani ni nani," alisema. "Hakuna hata mumoja aliyeuliza."

"Si ndiyo vizuri, Mama?"

"Wale wa vivuli viwili, Profesa. Nani amekuja kusema ni wao?"

Mimi, mwenye shahada na mataifa tisa, niliangalia karatasi. Nikamwuliza kama sasa nipumzishe mashine, maana karatasi za rimu ile zilikuwa zinakwisha na mkono wangu umeanza kufa ganzi.

"Apana," alisema Mama Chapa. "Zungusha. Mupaka aje mumoja."